Majani ya asili kutoka Kinyamaseke hadi Kasindi: kukausha, kuvusha na kupika

Mfanyabiashara anayepakia majani mabichi Kinyamaseke hupata hasara foleni ya mpaka wa Mpondwe inapomshika hadi jioni. Magunia ya chini hupata joto, majani huwa meusi, na mnunuzi wa Kasindi hutoa bei ya kutupa. Majani yaliyokaushwa vizuri husubiri bila kuoza, na huliwa hata msimu wa kiangazi. Yafuatayo ni mambo ya kujua kabla ya kupakia.

Majani yenyewe

Mgagani (Gynandropsis gynandra): Waganda huuita jjobyo. Ni mchungu. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hupikwa na maziwa au karanga za kusagwa.

Mnavu: huchemshwa na kukaangwa kwa kitunguu. Toa matunda yote, kwa kuwa yale mabichi ya kijani yanaweza kuwa na sumu.

Mujaja (Ocimum gratissimum): Kiswahili ni kivumbasha. Hutiwa kwenye chai au mchuzi. Utie mwishoni, kwani harufu yake hutoka na mvuke ukichemka muda mrefu.

Angalia majina. Mchicha huitwa dodo upande wa Uganda na lengalenga upande wa Kongo. Ukiagiza kwa simu, taja jina la kila upande, na kwenye lebo andika pia jina la kitaalamu.

Kukausha

Osha kwa maji safi, kung'uta, kisha tandaza kwenye chanja kivulini penye upepo. Jua kali hupausha rangi na kupunguza vitamini A. Jani liko tayari likivunjika mkononi. Likikunjika bado lina maji na litaota ukungu ndani ya gunia.

Kilo 10 za majani mabichi hubaki kilo 1 hadi 2 za makavu. Kwa hiyo usiuze kilo kavu kwa bei ya kilo mbichi. Australia hufanya biashara kwa njia hiyo hiyo: majani ya mti wa Backhousia citriodora, yenye harufu kama ya limau, huuzwa yakiwa makavu na kusagwa.

Kupakia

Tumia mifuko safi isiyopitisha unyevu, ndani ya gunia au katoni. Usichanganye na samaki wakavu, vitunguu, sabuni wala mafuta ya taa, kwa sababu majani hushika harufu haraka. Weka mbao chini ya mzigo na funika kwa turubai.

Karatasi za mpakani

Upande wa Uganda, cheti cha afya ya mimea hutolewa na wizara ya kilimo. Kitafute kabla ya gari kuondoka. Upande wa Kongo utakutana na forodha (DGDA) na ofisi ya ukaguzi wa bidhaa (OCC).

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Hata hivyo usidhani kuwa uanachama umefuta ada zote. Waulize forodha wa pande zote mbili jinsi wanavyokipokea, na ukumbuke kuwa hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Dai risiti kwa kila malipo.

Mweleze mnunuzi

Mteja asiyejua kupika majani makavu hanunui mara ya pili. Mwambie aloweke mgagani au mnavu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha apike kama mabichi. Mujaja mkavu hauhitaji kulowekwa. Kiasi kidogo cha vidole viwili kinatosha birika moja.