Kutoka Kitale Hadi El Paso: Kila Kitu Unafaa Kujua Kuhusu Kocha Paul Ereng na Mbogi ya Mbio ya UTEP

Kama umelelewa pande za Kitale, Endebess ama Suam, stori ya "kuna chali alipata skolashipu ya kukimbia Marekani" umeiskia mpaka umechoka. Kila mtaa uko na wake. Chenye hakisemwangi ni huyo chali alienda timu gani hasa, nani anamfunza huko, anakimbilia wapi, na nini hufanyika akiumia mguu kabla amalize masomo.

Leo tunafungua chuo kimoja chenye kina mkono wa Kitale ndani yake: University of Texas at El Paso, wasee huiita UTEP. Jamaa aliyeingia pale 2003 kushika mbio za nyika na masafa anaitwa Paul Ereng, na huyo ni mtu wetu.

Ereng ni nani?

Alizaliwa Kitale tarehe 22 Agosti 1967. Alisoma Starehe Boys Centre, Nairobi, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa mita 400. Si ati alikuwa mbaya, lakini Kenya ilikuwa na wakimbiaji wengi wa 400 na jina lake halikuwa linatetemesha mtu. Akapata nafasi University of Virginia, na 1988 ndio akahamia mita 800.

Sasa angalia speed ya hiyo stori. Mwaka huo huo alishinda ubingwa wa vyuo vya Marekani, ule wa NCAA. Tarehe 26 Septemba 1988 akasimama kwenye fainali ya Olimpiki kule Seoul na Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa 1984, na Said Aouita wa Morocco, ambaye wakati huo watu walikuwa wanamwogopa kwa kila umbali. Mkenya mwenzake Nixon Kiprotich akachoma mwendo mbele. Ereng akatulia nyuma, akawaachia hao wakubwa wagombane, kisha akawapita wote kwenye mita za mwisho. 1:43.45. Cruz akawa wa pili, Aouita wa tatu. Kijana wa miaka 21, msimu wake wa kwanza kwa 800, na ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya ya Olimpiki kwa huo umbali.

1989 akarudia ubingwa wa NCAA, na Machi mwaka huo akavunja rekodi ya dunia ya 800 ya ndani ya ukumbi kule Budapest, 1:44.84. Hiyo rekodi ilikaa mpaka 1997. 1991 akabeba tena ubingwa wa dunia wa ndani huko Seville. Barcelona 1992 hakufika fainali, na pole pole jina likapotea kwa magazeti. Ukiuliza vijana wa Kitale sai, wengi watakuambia Ereng ni nani? Hiyo mimi huiona kama deni la mji mzima.

UTEP kabla yake

Usifikirie Ereng alikuta shamba tupu. Hii timu ilijengwa kwa miguu ya Afrika Mashariki kitambo. Miaka ya 70 kocha Ted Banks alikuwa analeta Wakenya na Watanzania mpaka Wamarekani wakaanza kunung'unika. James Munyala wa Kenya alishinda mbio za kuruka viunzi na maji za NCAA mara tatu mfululizo, 1975 hadi 1977. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa mwanafunzi pale wakati anachukua fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow 1980. Gidamis Shahanga, naye Mtanzania, alikuwa tayari bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola 1978 na bado akaenda kukaa darasani.

Mbio za nyika UTEP ilibeba kombe la NCAA 1969, 1975, 1976, 1978, 1979, 1980 na 1981. Ile ya 1981 walimaliza na pointi 17. Kwa nyika unahesabu nafasi za watu watano wa kwanza wa timu, so ukipanga moja hadi tano unapata 15, na hiyo ndiyo kamilifu. Pointi 17 ni kama uende disko matanga ya watu ukule nyama yote. Malalamiko yalikuwa ati hawa si wanafunzi, hawa ni wazee wamekuja kuhangaisha watoto. Sheria za umri zikakazwa, na hizo sheria ndizo zinawasumbua vijana wetu mpaka leo. Tutazifikia.

El Paso yenyewe na uwanja

Mtu wa Suam hawezi shangaa El Paso sana. Ni mji wa boda. Ng'ambo ya mto Rio Grande ni Ciudad Juárez, Mexico, vile ng'ambo ya mto Suam ni Uganda. Tofauti ni hali ya hewa: El Paso ni jangwa, vumbi, na milima mikavu ya Franklin imepasua mji katikati. Mwinuko ni kama mita 1,140. Kitale ni kama 1,900. Kijana wa Mlima Elgon akishuka pale anapata hewa ya ziada, lakini bado hajashuka mpaka chini kabisa.

Timu hufanyia kazi Kidd Field, uwanja wa riadha ulio ndani ya chuo, jirani na Sun Bowl, ule uwanja mkubwa wa futiboli ya Kimarekani. Ni tartani kamili, si murram yenye huloa Aprili ukakaa wiki mbili bila kuikanyaga.

Lakini kuna kitu chenye hakuna mtu hukuambia nyumbani: msimu wa ndani. Kuanzia Januari hadi Machi, vyuo vya Marekani hukimbia ndani ya ukumbi, kwa uwanja wa mita 200. Mita 800 inakuwa raundi nne badala ya mbili, kona zimebana, na viwiko vinafanya kazi yake. Watoto wengi wa kwetu hawajawahi hata kuona hiyo kitu. Kutoka El Paso, ukumbi mmoja maarufu wa hizo mbio ni wa Albuquerque, New Mexico. Pale ndipo Januari 2017 mwanafunzi mgeni wa Ereng alikimbia mita 600 kwa 1:14.97, muda uliokuwa bora zaidi duniani wakati huo kwa hiyo mbio ya ndani.

Na ukihesabu, mwaka mzima ni misimu mitatu: nyika Septemba hadi Novemba, ndani mpaka Machi, nje mpaka Juni. Mkimbiaji wa masafa anaitwa kwa zote tatu. Hapo ndio magoti huisha.

Mbogi ya Ereng

Huyo mwanafunzi wa Albuquerque ni Emmanuel Korir. Alikaa UTEP msimu mmoja tu, na kwa huo mmoja akashinda 800 ya NCAA ya ndani na ya nje. Rekodi ya vyuo ya 800 ilikuwa ya Mganda Julius Achon wa George Mason, 1:44.55 tangu 1996. Aprili 2017 Korir akaishusha mpaka 1:43.73. Mwaka mmoja baadaye Michael Saruni, naye Mkenya, naye wa Ereng, akaishusha tena mpaka 1:43.25 kule Tucson. Kocha mmoja, chuo kimoja, rekodi mbili ndani ya miezi kumi na mbili.

Korir akaenda kulipwa 2017. Tarehe 4 Agosti 2021 akashinda dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa 1:45.06, na 2022 akawa bingwa wa dunia huko Eugene. Kumbuka naye, kama Ereng, alikuwa na miguu ya 400. Sidhani hiyo ni bahati. Kocha aliyetoka 400 kwenda 800 anajua kuona mwingine kama yeye.

Saruni stori yake iliisha vibaya: alipigwa marufuku ya miaka minne kwa kesi ya kukwepa kupimwa kwenye mchujo wa Kenya wa 2022. Anthony Rotich alienda njia tulivu. Alishinda mbio za viunzi na maji za NCAA 2013, 2014 na 2015, kisha akaingia jeshi la Marekani.

Timu si Wakenya peke yake. Kocha mkuu wa riadha nzima miaka hiyo alikuwa Mika Laaksonen, Mfinlandi. Tobi Amusan wa Nigeria alishinda viunzi vya mita 100 vya NCAA 2017 akiwa UTEP, na 2022 akaweka rekodi ya dunia ya 12.12.

Ukisoma hayo yote unaweza fikiria bila Marekani huwezi omoka. Wapi. Emmanuel Wanyonyi ni wa Trans Nzoia, hajapitia chuo chochote cha huko, na Paris 2024 alichukua dhahabu ya 800 kwa 1:41.19, akimshinda Marco Arop kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Trans Nzoia iko na dhahabu mbili za 800, na kila moja ilipita njia yake.

Hiyo skolashipu ni nini hasa?

Hapa ndipo wazazi huuza ng'ombe bila kusoma karatasi. Mimi chuo niliacha kwa sababu ya fee, so mambo ya nani analipa nini huwa naisoma mara mbili.

Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 12.6 pekee, na hiyo ni ya nyika na riadha yote kwa pamoja: wakimbiaji, warukaji, warushaji. Wanawake walikuwa na 18. Kocha alikuwa anazikatakata, huyu nusu, yule robo. Kutoka msimu wa 2025 mambo yamebadilika kwa vyuo vilivyokubali mpango mpya: hakuna kikomo cha skolashipu, lakini idadi ya watu kwenye timu imewekewa kikomo. Chuo kinaweza kulipia wengi, ama kisilipie. Divisheni ya Tatu hailipi mtu kwa sababu ya mbio, hata uwe unapaa.

Ukipewa nusu, ile nusu ingine ni yako. Na kabla ya viza ya F-1, chuo lazima kione kwamba pesa iliyobaki iko, ndio kikupe ile fomu ya I-20. Ada ya SEVIS peke yake ni dola 350. Ukifika huko, kazi unaruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki. Mazoezi rasmi nayo ni saa 20. Mara nyingi skolashipu yenyewe hutolewa mwaka mmoja mmoja, so kila mwaka kuna mtu anaamua kama unaendelea.

Na timu inaweza kufa. Muulize Wesley Korir, mzaliwa wa Cherangany. Alianza Murray State, Kentucky, chuo kikafunga riadha ya wanaume. Akahamia Louisville kwa kocha Ron Mann, akamaliza digrii ya biolojia 2008. Mwaka huo alikimbia Chicago Marathon akianza na umati, dakika tano nyuma ya mastaa, na bado akamaliza wa nne. 2009 alishinda Los Angeles huku akiwa mfanyakazi wa matengenezo pale Louisville. 2012 akashinda Boston, na 2013 akawa mbunge wa Cherangany bila chama. Kama hangepata kocha wa pili wa kumchukua, hayo yote hayangekuwepo.

Kocha wa kweli wa NCAA hakuitishi doh ndio akuweke kwa timu. Mtu akikuambia utume kwa simu "ya kushikilia nafasi", huyo ni mwizi. Eldoret 2023 wazazi waliandamana juu ya ule mpango wa Uasin Gishu wa Finland na Canada. Haikuwa ya mbio, lakini pesa ilienda vilevile.

Uliza haya kwa maandishi: asilimia ngapi inalipwa, inahusu chakula na malazi ama karo pekee, ni ya miaka mingapi, nikiumia nani analipa hospitali, na kocha akihama mimi nabaki na nini. Kisha angalia saa. SAT haihitajiki tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka, na mtihani wa Kiingereza pia. Lakini baada ya kumaliza sekondari uko na mwaka mmoja. Ukipita hapo ukiendelea kushindana kwenye mbio rasmi, NCAA inaanza kukukata msimu, na una minne tu. Zile mbio za barabara za Desemba zenye zawadi nono, kijana wa Endebess anazikimbia akiwa na miaka 21 akidhani anajijengea jina, na kumbe ndizo zinahesabiwa.