Waliuza, au watauza?

Sisi Waswahili tuna raha ambayo wala hatuioni: mkazo wetu una makao ya kudumu, silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha vituko vichache kama "barabara". Kireno hakina raha hiyo, hasa kwenye vitenzi.

Chukua vender, kuuza. Ven-DE-ram ni waliuza. Ven-de-RÃO ni watauza. Mwisho wa maneno yote mawili una sauti ileile, kama "au" inayopitia puani. Kinachotenganisha jana na kesho ni mkazo tu! Kwa sisi watu wa habari, nyumba iliyouzwa na itakayouzwa ni habari mbili tofauti kabisa.

Chimbuko lake ni zamani za Kilatini cha mitaani, ambako wakati ujao ulijengwa kwa maneno mawili: kitenzi, kisha "kuwa na". Mtu alisema kama "kuuza ninako". Maneno yakagandana, mkazo ukabaki kwenye lile la pili: venderei, nitauza. Mshono bado unaonekana, maana Kireno rasmi cha Ureno huweza kupachika mtendewa katikati: vender-te-ei, nitakuuzia. (Tusiwacheke. Wataalamu wanasema -ta- yetu nayo ni masalia ya "taka".)

Kwenye maandishi ilikuwa vurugu. Katika chapa ya 1572 ya Os Lusíadas, utenzi wa Camões unaoitaja Mombasa na Malindi, utakuta vitenzi vya wakati uliopita vimemalizikia -ão, ambayo leo ni ya wakati ujao. Msomaji ajijazie mwenyewe. Baadaye ndipo ilipozoeleka kwamba -am haina mkazo na -ão inao.

Sasa sikilizeni hili. Mkataba wa tahajia wa 1990, ulioanza kutumika Brazil na Ureno mwaka 2009, uliondoa alama kwenye pára, "husimamisha". Ikabaki para, sawasawa na neno la "kwa ajili ya". Andika kichwa cha habari Greve para Lisboa: mgomo wasimamisha Lisbon, au mgomo kwa ajili ya Lisbon? Cha ajabu, pôde, "aliweza", iliachiwa kofia yake isichanganywe na pode, "anaweza". Huyu kaachiwa, yule kavuliwa, na mimi sioni sababu. Ningekuwa mhariri kule, pára ingerudi kesho asubuhi.