Filamu za Mafumbo za Bei Nafuu na Funzo Lake kwa Mwambao wa Rumonge

Wahenga walisema, penye nia pana njia. Katika makala haya tunadokeza historia ya filamu za mafumbo zilizotengenezwa Hollywood kwa fedha kidogo, na faida yake kwetu walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka, majumba mengi ya sinema yalionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ile ya nyongeza, iliyojulikana kama filamu ya daraja B, mara nyingi ilichukua saa moja na ushei, na ilitengenezwa kwa haraka katika seti zilizokwisha kutumiwa na filamu nyingine. Upelelezi uliifaa bajeti hiyo, kwani chumba, taa moja, maiti na swali vilitosha. Katika Detour (1945) ya Edgar G. Ulmer, ukungu mzito unasimama badala ya mtaa wa New York. Kampuni ya Universal nayo ilitoa filamu 12 za Sherlock Holmes kati ya 1942 na 1946.

Holmes huyo huyo, kupitia vitabu vya Arthur Conan Doyle, hutajwa na wahakiki kuwa kielelezo cha Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) haikuhitaji hata kamera. Ilimtosha mwandishi mpelelezi mwenye kiko, rafiki yake Najum, na Kiswahili cha Unguja kilichokolea.

Je, Rumonge? Kiswahili kilifika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji. Tunayo mitumbwi inayovua ndagala usiku kwa taa, mashamba ya michikichi, na soko ambamo Kirundi na Kiswahili hukutana. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi hukiona Kiswahili kuwa lugha ya kununulia na kuuzia tu, wala si ya kutungia. Tusipolirekebisha hilo darasani, watamaliza masomo wakiwa wasomaji wa hadithi za wengine.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi hili: taa ya mtumbwi mmoja imezimika ziwani usiku wa manane, na asubuhi mtumbwi umerudi bila nahodha. Nani alijua nini, na lini? Kila mwanafunzi aandike kurasa 5. Uhaba wa fedha haukumzuia Ulmer. Usituzuie na sisi.