Kuchaguliwa na Kuketi: Wagombea wa Kisoshalisti katika Bunge la Jimbo la New York, 1919–1920

Ni kawaida kudhani kwamba kikwazo kikuu cha mgombea wa chama kidogo nchini Marekani ni uchache wa kura. Insha hii inadai kwamba katika jimbo la New York kikwazo kilikuwa pia ndani ya bunge lenyewe.

Mnamo Novemba 1919, wagombea watano wa Chama cha Kisoshalisti, yaani Louis Waldman, August Claessens, Samuel Orr, Charles Solomon na Samuel DeWitt, walichaguliwa kuingia katika baraza la chini la bunge hilo. Tarehe 7 Januari 1920, kikao kilipofunguliwa, Spika Thaddeus Sweet aliwaita mbele na kukishutumu chama chao kuwa adui wa dola, baraza likawasimamisha. Charles Evans Hughes, aliyewania urais kwa tiketi ya Republican mwaka 1916, alipinga hatua hiyo. Hata hivyo, tarehe 1 Aprili walifukuzwa.

Katika uchaguzi mdogo wa tarehe 16 Septemba, wote watano walishinda tena. Siku chache baadaye Waldman, Claessens na Solomon walifukuzwa mara ya pili. Orr na DeWitt, walioruhusiwa kubaki, walijiuzulu kwa kupinga uamuzi huo.

Wapigakura walitoa jibu lilelile mara mbili. Kilichowashinda ni mamlaka ya baraza ya kuamua nani anafaa kuwa mjumbe wake, na mwanahistoria anayehesabu kura pekee hatayaona mamlaka hayo.