Samti: Neno la Falaki na Kibla cha Watu wa Arusha



Ndugu msomaji, mwanafunzi wa jiografia hukutana na neno azimuthi, akadhani ni la Kizungu. Asili yake ni Kiarabu: samt, yaani njia au mwelekeo; wingi wake sumut. Likitanguliwa na "al", lamu humezwa na herufi ya shamsi, likatamkwa as-sumut. Walatini walilichukua hivyo hivyo, na mwishoni mwa karne ya 14 Mwingereza Chaucer alilitumia katika risala yake ya astrolabu. Zenithi nayo ni samt ar-ra's, njia ya utosini. Waandishi waliisoma herufi "m" kama "ni", kosa likadumu hadi leo.

Kwa wanazuoni wa falaki, samt al-qibla ni pembe inayopimwa toka kaskazini ya kweli hadi Makkah. Al-Biruni (973–1048) aliandika kitabu kizima cha kupima mahali pa miji, na shabaha yake moja ilikuwa kibla cha Ghazna.

Kwetu Waswahili neno kibla lilipata maana ya pili. Kwa kuwa Makkah iko juu yetu, watu wa pwani waliita kaskazini yenyewe kibla, na kamusi za zamani zimelinukuu hivyo. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoingia. Toka Arusha, samti ya Makkah ni kama nyuzi 7 mashariki ya kaskazini. Anayeelekea kaskazini tupu, mstari wake hupita zaidi ya kilomita 300 magharibi ya Makkah, upande wa Sudan wa Bahari ya Sham.

Wengine huutegemea Mlima Meru. Ukitazama toka katikati ya mji, kilele kiko zaidi ya nyuzi 20 mashariki ya kaskazini. Umezidisha upande wa pili. Na mtu aliyezoea alama hiyo, akihamia Ngare Nanyuki, mlima utakuwa kusini magharibi yake!

Je, swala zilizopita zina hukumu gani? Mahanafi na Wamaliki wanaona kwa aliye mbali upande unatosha. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu, ni kuielekea Al-Kaaba yenyewe, na kwa aliye mbali dhana yenye nguvu inatosha. Aliyeswali kwa ijtihadi ya wazee wake hana sababu ya kutaharuki, wala sioni sababu ya kubomoa mihrabu. Safu huweza kupindwa kwa mkeka. Lakini kipimo kikiwa wazi, kushikilia mlima ni ukaidi.

Na kipimo hakihitaji simu, ambazo watu hugombana nazo msikitini. Mei 27 au 28 saa 6:18 mchana, na Julai 15 au 16 saa 6:27, jua huwa utosini mwa Al-Kaaba, na saa ya Makkah na yetu ni moja. Simika fimbo wima: kivuli kitalala kusini, karibu nusu ya urefu wake. Toka ncha ya kivuli kwenda shina la fimbo ndiyo samti. Mawingu ya Meru yakilifunika jua, kama kawaida yake miezi hiyo, rudia kesho yake saa ile ile. Tofauti ni ndogo mno.