Maneno ya sheria kuhusu ulemavu na uzito wake visiwani Lamu

KIFUNGU cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Haki hiyo imetajwa mwanzo, kabla ya elimu, usafiri na mawasiliano.

Sheria za awali hazikujali hilo. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, iliwalinda watu wenye ulemavu wa akili dhidi ya dhuluma za kingono katika kifungu cha 146, lakini ikawaita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mazuzu na mapunguani. Sheria iliyokusudiwa kumkinga mtu ilimtukana papo hapo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilipiga marufuku ubaguzi kazini. Hata hivyo, ilieleza ulemavu kuwa ni upungufu wa mwili, hisi au akili unaoathiri ushiriki wa mtu katika jamii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha 2008, unataja pia vizuizi vinavyomkabili mtu huyo. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Katika visiwa vya Lamu, tofauti ya maelezo hayo mawili si ya vitabuni tu. Abiria anayetoka bara hupanda boti Mokowe, kisha huingia katika mji wa kale wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, mji uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco 2001. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, maelezo ya kwanza yanaona tatizo miguuni mwake. Ya pili yanauliza gati na boti viliundwa kwa ajili ya nani, na jibu linadaiwa kutoka kwa serikali.

Kiswahili nacho kina mzigo wake. Kilema, kipofu na kiwete ni maneno ya ngeli ya KI-VI, ambamo vitu vingi huwekwa. "Mtu mwenye ulemavu" humtanguliza mtu. Hata hivyo, kauli ya mwisho ni ya wahusika wenyewe: nchini Tanzania, viziwi wamelihifadhi jina lao katika Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

Kazi haijakamilika. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 83, haimruhusu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu kuandikishwa kuwa mpiga kura, na kifungu cha 99 kinamzuia kugombea ubunge. Maneno hayo hayawezi kufutwa kwa sheria ya kawaida ya Bunge. Ni lazima Katiba yenyewe irekebishwe.