Kilo Mia za Jiwe la Wazo: Hoja Kuhusu Ufundishaji wa Hesabu za Tungamo

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, karibu na Tegeta wilayani Kinondoni, kilianza uzalishaji mwaka 1966, kikiwa cha kwanza Tanzania. Gesi asilia ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, tawi la bomba lenye urefu wa kilomita 16 lilielekezwa huko. Hapo basi yapo mabadiliko mawili ya kikemia: gesi inaungua, na jiwe la chokaa linavunjwa na joto. Hoja yangu ni kwamba hesabu za tungamo, ambazo huwatesa wanafunzi wengi wa Kidato cha Tatu, zianze na jiwe. Kuanza na gesi ni kuwatega.

Kosa linalojirudia ni kusoma namba zilizo mbele ya fomula kana kwamba ni kilo. Namba zile huhesabu chembe tu. Hazisemi lolote kuhusu uzito. Tazama methani inavyoungua: CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Anayesoma kilo ataona kilo 1 na kilo 2 zinaingia, kilo 1 na kilo 2 zinatoka. Tatu kwa tatu! Hesabu imekaa sawa, kosa limebaki salama ndani yake, na mwanafunzi anaondoka darasani akiamini ameelewa. Ukweli ni kwamba gramu 16 za methani huchukua gramu 64 za oksijeni, zikatoka gramu 44 za hewa ukaa na 36 za maji. Kilo moja ya gesi huzaa kilo 2.75 za hewa ukaa, kwa kuwa kilo 4 za oksijeni zimechotwa hewani bila mtu kuziona.

Jiwe halifichi kosa. CaCO₃ → CaO + CO₂: anayesoma kilo atalazimika kusema kilo moja imezaa mbili, jambo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi atalikataa. Ni hapo ndipo moli, kipimo kinachounganisha idadi ya chembe na uzito wake, inapohitajika. Kwa gramu kwa kila moli, kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu; jumla 100. Chokaa ni 56, hewa ukaa 44. Kilo 100 za kalsiamu kabonati haziwezi kutoa chokaa zaidi ya kilo 56.

Nasema haziwezi kutoa zaidi, sisemi lazima zitoe. Mlinganyo hutoa kikomo, nao ufundishwe hivyo. Jiwe la kweli lina mchanga na udongo. Tuseme kalsiamu kabonati ni asilimia 80 tu: kilo 100 zitatoa chokaa kilo 44.8, na hewa ukaa kilo 35.2 itapotea. Lakini ukipima kilichobaki utakuta kilo 64.8, kwa sababu zile kilo 20 za uchafu hazikwenda popote. Asiyefikiri atasema tanuri limevuka kikomo. Anayefikiri ataangalia kilichopotea: 35.2 gawanya kwa 44, zidisha kwa 100, na usafi wa jiwe umejulikana.

Hesabu hiyohiyo inagusa suala zito la tabianchi. Katika klinka, ile bidhaa inayosagwa kuwa saruji, chokaa huchukua karibu theluthi mbili. Kwa tani moja yenye asilimia 65 ya chokaa, jiwe peke yake limetoa takribani tani 0.51 za hewa ukaa, hata kabla hatujahesabu kinachotoka kwenye moto. Kubadili nishati hakugusi kiasi hicho. Mjadala wa hewa ukaa usiolijua hili utabaki kulaumu moto na kusahau jiwe.

Kwa hiyo napendekeza zoezi la kwanza liwe la kurudi nyuma: mwanafunzi apewe uzito wa jiwe kavu kabla ya kuchomwa na uzito wake likishaungua lote, kisha atafute mwenyewe kalsiamu kabonati ilikuwa kiasi gani. Hakuna namba mbele ya fomula itakayomsaidia kubahatisha.